Bima ya Pili Juu ya SHA: Anzia Hospitalini

Kila mwenye mshahara nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hata hivyo wengi hujibana wakanunua na bima ya kampuni. Ukiwauliza sababu, watakwambia wanataka hospitali nzuri. Jibu hilo ni jepesi mno kwa pesa nyingi hivyo.

Kinachonunuliwa hasa ni pengo. SHA hulipa kwa viwango vilivyopangwa: kujifungua kwa kawaida shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000. Ukienda hospitali kubwa ya binafsi Nairobi, bili ya upasuaji hukiacha mbali kiwango hicho, na kinachobaki ni chako. Kwa hivyo kabla ya kuonana na wakala, nenda kwenye dirisha la bima la hospitali ambayo kweli utaikimbilia usiku wa manane. Uliza SHA inalipia nini hapo, na ni kadi za kampuni gani zinazopokelewa. Wakala atakuja na kabrasha lenye picha za familia zinazocheka. Wewe utakuwa na majina mawili matatu tu ya kulinganisha.

Usiache kulipa SHA. Mikataba mingi ya kampuni huchukulia kwamba SHA imeshalipa fungu lake la gharama za kulazwa. Mchango wako ukilala, fungu hilo utalitoa mfukoni hata kama kadi ya kampuni ni mpya.

Pesa zikiwa chache, nunua ya kulazwa peke yake. Matibabu ya kwenda na kurudi ndiyo hupandisha ada, na homa ya mtoto haijamfilisi mtu.

Kisha soma kipindi cha kusubiri. Kwa uzazi mara nyingi hukaribia mwaka, kwa hiyo anayenunua akiwa na mimba anamnunulia mtoto wa pili. Kisukari na presha zitaje mapema. Ukizificha, faili la daktari litakusema siku ya madai.

Ukishalipa, idai kampuni cheti cha ada. KRA, mamlaka ya ushuru, hukupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya ada hiyo, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, lakini mwajiri hawezi kuihesabu asipokiona cheti.