Je, Mkeo Bado ni Mgeni Nyumbani Mwako?



Wengi wenu hapa Junda, Mishomoroni na Kisauni kwa jumla mmefunga ndoa zilizovuka mipaka. Mume ametoka Taita, mke ametoka Kaloleni. Mume ni Mluo, mke ni Mgiriama. Au nyote wawili ni wa kabila moja, ila koo zenu zilikuwa hazisalimiani kwa sababu ya shamba. Siku ya posa wazee walikaa, wakahesabu mahari, wakanywa, kisha mmoja wao akasema, "Kuanzia leo sisi ni watu wamoja." Maneno mazuri sana. Lakini wazee walipokwisha kusema hayo walirudi kila mtu kwake. Aliyebaki kuubeba huo umoja mgongoni ni mwanamke mmoja aliyeondoka kwao na sanduku lake.

Nataka tutafakari kisa cha mwanamke wa namna hiyo. Si mtu wa kwenye riwaya. Aliishi katika pwani yetu hii, ng'ambo kidogo tu, Unguja, na mume wake ni mtu ambaye Mombasa haiwezi kumsahau.

Mume huyo ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1791 na kufariki baharini mwaka 1856. Ndiye aliyewatoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa mwaka 1837. Vita hivyo vilimsumbua kwa miaka mingi, hata vikaingia katika mambo yake ya ndoa. Mwaka 1833 alipeleka wajumbe Madagaska kwa Malkia Ranavalona wa Kwanza. Walikwenda na maombi mawili: kumposa malkia, na kuomba askari elfu mbili wa kuja kupigana hapa Mombasa. Posa na jeshi katika safari moja! Malkia alijibu kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu yeye kuolewa, ila yuko binti wa kifalme mwingine anayeweza kupatikana. Mke mmoja akikosekana, atolewe mwingine ghalani, kama gunia la mchele. Ndoa hiyo haikufungwa.

Iliyofungwa ni ile ya Uajemi. Oman na Uajemi hutazamana katika Ghuba, na walikuwa mahasimu wa zamani. Katika karne ya 18 Waajemi waliingia Oman kwa majeshi, wakatolewa na Imamu Ahmad bin Said, babu yake huyu Seyyid Said. Baadaye Waomani wakaikodi bandari ya Bandar Abbas iliyo upande wa Uajemi, wakawa wanailipia kodi kila mwaka. Mkodishaji na mpangaji wenye silaha, msomaji unaweza kukisia maelewano yao. Basi Seyyid akaoa katika nyumba ya Shah. Bibi arusi alikuwa binti wa Irich Mirza, wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Katika vitabu anaitwa Schesade, neno linalofanana sana na lile la Kiajemi la "mwana wa mfalme". Yaani tunamjua kwa cheo chake zaidi kuliko kwa jina aliloitwa na mama yake.

Habari zake tunazipata hasa kwa Bibi Salme, mmoja wa mabinti wa Seyyid Said, aliyeandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anasimulia kwamba Schesade alikuwa mzuri wa sura kupita kiasi. Alifika jumba la Mtoni na wapanda farasi wapatao 150 kutoka kwao, wakakaa naye. Alipenda kuwinda na kupanda farasi mchana kweupe, jambo lililowashangaza Waarabu wa Unguja, kwani mabibi wa huko hawakutoka hivyo. Nguo zake zilishonewa lulu tangu juu hadi chini, na lulu zilipoanguka, watumishi wakaziokota, hakutaka kuzipokea tena. Aliila hazina ya mumewe. Tena, anasema Salme, hakumpenda mumewe. Moyo wake ulikuwa kwa mwingine, naye aliolewa na Seyyid kwa ajili ya cheo na mali tu.

Hapo nawaomba msimame kidogo. Nani anayesema maneno haya? Salme alizaliwa mwaka 1844, na mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi katika nyumba ile ile. Mengi aliyoyasema juu ya Schesade aliyasikia kwa wakubwa wa nyumbani. Huo ndio ushahidi tulio nao: ushahidi wa ukweni. Mwajemi mwenyewe hakuandika kitabu. Sisemi Salme ni mwongo, bali kila nyumba ina hadithi yake kuhusu mke aliyekuja, na hadithi hiyo husimuliwa jikoni yeye akiwa hayupo. "Anajivuna." "Anatumia pesa ovyo." "Kwao hawafundishwi kupika." Wewe mume, hadithi ya namna hiyo ikisimuliwa mbele yako na dada zako, unafanya nini? Unacheka pamoja nao?

Tena mwangalie alikoingia. Nyumba ya Mtoni, kwa maelezo ya Salme, ilikuwa na watu wapatao elfu moja. Humo alikuwamo tayari mke mkubwa, Bibi Azza binti Seif, wa ukoo wa kifalme wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini nguvu zake juu ya Seyyid zilikuwa za ajabu, na watu wa nyumbani walimwogopa. Walikuwamo masuria na watoto wao wengi. Lugha za nyumba zilikuwa Kiarabu, Kiswahili na nyinginezo, na Kiajemi chake kilizungumzwa na wale aliokuja nao. Mimi nikisoma habari za farasi wale nadhani naona mtu aliyetafuta saa moja ya kufanya kitu alichokijua tangu utotoni. Kwao mabinti walifundishwa kupanda na kulenga shabaha. Alichohesabiwa kuwa ni utovu wa adabu Unguja kilikuwa ni malezi mema kwao.

Na zile lulu? Wengine watasema huo ni ubadhirifu, na kweli ni ubadhirifu. Lakini mtu hutupa kirahisi kile asichokihesabu kuwa chake. Mke asiyejua mshahara wa mumewe, anayepewa za soko kila asubuhi mkononi kama mtoto wa duka, msimlaumu akikosa uchungu na mali ya nyumba hiyo. Hajaambiwa kwamba ni mali yake pia.

Sitaki mdhani Seyyid hakujitahidi. Kule Kidichi, katika vilima vya kaskazini mwa mji wa Unguja, yako mabafu yaliyojengwa yapata mwaka 1850, yenye nakshi za lipu za maua kwa mtindo wa Kiajemi. Husemwa aliyajenga kwa ajili ya huyu mkewe, wapate kuoga na kupumzika baada ya kuwinda. Watalii wanayatembelea hata leo. Ni kazi nzuri kabisa. Hata hivyo waume wengi tuna ugonjwa huu: jambo likiharibika tunajenga, tunanunua kochi, tunaleta friji kwa mkopo. Kumwuliza tu, "Je, unaishije hapa kwetu?" kunatushinda, maana friji haijibu, na mke huenda akajibu.

Siku moja ugomvi wao ulipamba moto. Seyyid alishikwa na hasira hata akataka kumwaga damu ya mkewe. Mtumishi mmoja mwaminifu aliurukia mkono wake akaushika. Salme anasema mtumishi huyo alimwokoa bibi na kifo, na akamwokoa Seyyid na dhambi kubwa. Waliachana, hawakuwa na mtoto.

Mahali hapa nataka kusema wazi. Mtumishi yule hakusema, "Haya ni mambo ya mtu na mkewe." Alikuwa mtu wa chini kabisa akiushika mkono wa mtawala wa bahari nzima. Katika nyumba zetu za kupanga, chumba kwa chumba, ukuta mmoja, tunasikia kila kitu kisha tunaongeza sauti ya redio. Jirani, bisha hodi. Bisha hata kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Mama unayepigwa, usiambiwe na yeyote kwamba sakramenti inakutaka unyamaze mpaka ufe. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho kukaa mbali na mwenzake. Na Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mpigaji. Mwendee padre, waendee wazee wa jumuiya ndogo ndogo, lakini ukiwa na jeraha anzia hospitali na polisi.

Kuhusu wale wanaotoa mabinti ili wapatanishe koo, au walipe deni, Kanisa linafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe. Kanuni ya 1057 yasema hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuitoa ridhaa hiyo badala yao, na kanuni ya 1103 yasema ridhaa iliyotolewa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka ridhaa ya hiari. Wazazi, "ndiyo" ya binti aliyeinamisha kichwa huku wajomba saba wamemzunguka, ichunguzeni vizuri kabla ya kupiga vigelegele.

Wala kujichagulia peke yake hakutoshi. Salme mwenyewe alijichagulia: alitoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kufunga ndoa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, siku moja huko Aden mwaka 1867. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo hakuizoea. Yeye naye akajua ugeni ni nini.

Na ule mkataba wa Uajemi? Mwaka 1854 Waajemi waliitwaa Bandar Abbas, na Seyyid akalazimika kurudi Oman kwa ajili ya shauri hilo. Salme anaeleza kuwa habari zilifika za mwanamke mzuri aliyeonekana katika jeshi la adui, akiwalenga hasa watu wa ukoo wa Seyyid. Walisema ni Schesade.

Kwa wiki hii, watoto wakishalala, zimeni televisheni mkae wawili. Mume aulize kwanza, kisha asikilize bila kujitetea: "Tangu siku ulipoletwa hapa, ni kitu gani cha kwenu ulichoacha kukifanya kwa sababu ya watu wa kwetu?" Kisha mke naye amwulize mumewe swali lilo hilo, kwa maana wako wanaume waliohamia Junda kwa wakwe zao, nao hawajaulizwa.