SOMO: PARACHICHI LIMEKOMAA LINI?



Wengi wetu tunaokaa katika layini za mashamba ya chai tuna mti mmoja au miwili ya parachichi nyuma ya nyumba. Mti huo ni akiba. Mshahara ukichelewa, ndio unaolipa ada ya shule. Lakini akiba hii ina adui, naye ni haraka.

Mwaka mmoja mnunuzi alifika kambini kwetu katikati ya mwezi, mifuko ikiwa mitupu. Tulichuma mti mzima, makubwa kwa madogo. Wiki ya pili akarudisha magunia: matunda yamesinyaa, yanavutika kama mpira. Hatukulipwa, na mti ulibaki mtupu mpaka msimu mwingine. Yeye alitaka kuwahi soko, sisi tulitaka pesa, na hakuna aliyeuliza kama tunda limekomaa.

Kukomaa si kuiva

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, kisha hulainika baada ya kuchumwa. Kwa hiyo kulibonyeza likiwa mtini hakutuelezi kitu. Rangi nayo hudanganya: Fuerte hubaki kijani hata likiiva.

Tufanye nini?

1. Tuandike mwezi ambao mti ulitoa maua mengi. Kutoka hapo huchukua miezi 6 mpaka 12 hivi, kwa kufuata aina na baridi ya mahali.

2. Tutazame ngozi. Tunda lililokomaa hupoteza mng'ao.

3. Tupasue moja. Utando wa kokwa ukiwa mweupe na mnene, tunda ni changa. Ukiwa wa kahawia, mkavu na mwembamba kama karatasi, limekomaa.

4. Tuchume matatu ya ukubwa mbalimbali, tuyaweke ndani siku 7 mpaka 10. Yakilainika sawasawa bila kusinyaa, tuchume yaliyo na ukubwa huo. Yakisinyaa, tungoje wiki mbili, tujaribu tena.

Siku ya kuchuma tusitikise mti. Tukate kwa mkasi, tuache kipande kifupi cha kikonyo. Tunda lililoanguka huchubuka na kuoza upesi.

Jambo hili si dogo

Novemba 2021 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa Hass na Fuerte kwa meli, kwa sababu matunda machanga yalikuwa yakiharibu jina la nchi sokoni. Waliongoja matunda yakomae walizuiwa pamoja na waliochuma mapema.

Hata kwetu ni hivyo. Mmoja akiuza machanga, mnunuzi hushusha bei ya layini nzima. Basi tukubaliane siku ya kuchuma kama tunavyokubaliana mambo ya kazi. Mnunuzi akikuta jibu moja katika kila mlango, atangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya kukomaa na kuiva?
2. Katika layini yenu, nani atapasua tunda la kwanza, na lini?
3. Mwenzetu mwenye shida ya pesa kabla ya wakati, tutamsaidiaje ili asichume machanga?