Somo la wiki: Faini au huduma kwa jamii?

Leo tunajifunza maneno ya mahakamani.

Faini ni fedha anayotozwa mtu aliyevunja sheria. Huduma kwa jamii ni kazi isiyo na malipo, kama kufagia uwanja wa umma au kusaidia kwenye kituo cha wazee. Mlezi ni mtu anayemtunza mtoto ambaye hakumzaa.

Sasa tuyatumie. Tuseme mvulana wa miaka 15, anayeishi na mlezi hapa Pinetown, ameiba simu dukani. Akitozwa faini, nani atalipa? Yeye hana kazi, na wazazi hawapo. Mlezi hupewa ruzuku ya serikali, lakini hiyo ni ya chakula na sare za mtoto huyohuyo. Faini ikilipwa, nyumba nzima inalala njaa. Isipolipwa, mtoto anaweza kufungwa kwa sababu ya umaskini.

Ndiyo maana Sheria ya Haki Jinai kwa Watoto ya Afrika Kusini, Namba 75 ya 2008, inamtaka hakimu aulize kwanza kama mtoto au wakubwa wake wanaweza kulipa, hata kidogo kidogo. Anaweza kumpa mtoto kazi ya kuwatumikia watu badala ya faini. Kwa kazi hiyo anayelipa ni aliyekosa mwenyewe, kwa mikono yake.

Kuna pia njia ya kuiondoa kesi mahakamani kabla ya hukumu, mtoto akikubali kosa bila kulazimishwa. Akimaliza aliyopangiwa, hahesabiwi kuwa aliwahi kuhukumiwa. Akiacha njiani, kesi inaweza kurudi. Sheria inasema mpango huo usivuruge masomo, usimdhuru mtoto, wala usiwafungie nje wasio na fedha. Kwa hiyo mlezi asiyeweza nauli ya kumpeleka mtoto kwenye kazi aseme mapema, asione haya.

Wazazi, hili si geni kwetu. Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, na Tanzania tangu 2002.

Mkumbuke mambo mawili. Mtoto akikamatwa ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Na si lazima awe mzazi wa kuzaa anayesimama naye: sheria inamtambua mlezi, na hata kaka au dada aliyefikisha miaka 16. Asiachwe peke yake.

Zoezi la nyumbani

1. Tunga sentensi tatu kwa maneno faini, mlezi na huduma kwa jamii.
2. Muulize mkubwa wako: kijijini kwenu, mtoto aliyeharibu mali ya jirani alifanywaje?
3. Ukiwa hakimu, ungempa mvulana wa mfano wetu kazi gani? Kwa nini hiyo?

Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje taratibu asivunjike. Tuonane Jumamosi.