Adabu ya Salamu: Mkutano wa Ujiji wa 1871

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza adabu ya salamu kando ya Ziwa Tanganyika kwa kuzingatia mkutano wa Henry Morton Stanley na David Livingstone uliotokea Ujiji mwaka 1871. Mkutano huo umezoeleka kusimuliwa kama kichekesho cha ubaridi wa Waingereza. Hoja ya makala haya ni kwamba nia ya msalimu na tafsiri ya hadhira ni mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa.

2.0 Neno na Mwili

Uchunguzi wa salamu unaokomea kwenye maneno huacha nusu ya data. Waha wa Kigoma huambatanisha salamu na makofi yapigwayo polepole pamoja na kuinamisha mwili. Kiswahili nacho kimehifadhi tendo ndani ya neno: *shikamoo* hufasiriwa kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako", na jibu lake ni *marahaba*. Mdogo huanza, mkubwa hupokea. Anayeupindua mpangilio huo hakosei sarufi, anawakosea watu. Kanuni hii si ya Waafrika peke yao: huko Japani, shule ya Ogasawara iliwafunza samurai namna ya kuinama na kuketi kulingana na cheo.

3.0 Mkutano Wenyewe

Katika kitabu chake cha 1872, Stanley anaeleza kwamba kabla ya kumfikia Livingstone alisalimiwa kwa Kiingereza na Susi, mtumishi wa Livingstone. Hivyo aliyetangulia ni mtumishi, tena kwa lugha ya mgeni. Stanley anakiri kwamba alitamani kumkimbilia mzee na kumkumbatia, ila aliuogopa umati, wala hakujua angepokelewaje. Akatembea taratibu, akavua kofia, akamtaja kwa jina na cheo. Yeye mwenyewe anakiita kitendo hicho woga na majivuno. Tena alitaka kulinda hadhi ya mzungu. Nia hiyo haina uhusiano na uungwana wa Waswahili. Hata hivyo, mbele ya Waarabu na wenyeji waliokusanyika, mwendo wa taratibu wa mdogo kumwendea mkubwa ulikuwa na maana inayosomeka.

Yaliyofuata barazani yana uzito zaidi. Livingstone alimpa mgeni nafasi yake mwenyewe ya kukaa. Stanley akakataa, kisha akalazimika kukubali. Alipokabidhiwa barua zake, mzee aliziweka magotini, akasoma moja au mbili tu, kisha akaomba habari za ulimwengu kabla ya kuzimaliza. Mzungumzaji wa Kiswahili anautambua ustahimilivu huo: *habari* hujibiwa *njema* hata penye msiba, ndipo habari yenyewe ifuate.

4.0 Hitimisho

Sentensi moja ya Stanley imekaririwa mno hata kumfunika Susi na ule mkeka wa barazani. Mtafiti wa salamu hana budi kurekodi pia nani alianza, nani alipewa kiti, na habari ilicheleweshwa kwa muda gani. Pasipo hayo, salamu hubaki orodha ya maneno, na heshima iliyobebwa nayo hupotea.