SOMO: AKILA NA PRISILA, JAMAA YA WAKRISTU UGENINI



Watu wengi huwaza kwamba kueneza Injili ni kazi ya mapadri na masista tu. Leo tutazame habari za mtu na mkewe, Akila na Prisila. Hawakuwa mitume, wala hawakuwa na cheo. Walikuwa mafundi wa kushona hema. Habari zao zimo katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, na katika barua za Mtakatifu Paulo.

1. Walifukuzwa Roma

Akila alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Alikaa Roma pamoja na Prisila. Karibu na mwaka 49, Kaisari Klaudio alitoa amri kwamba Wayahudi waondoke Roma. Basi wakaacha nyumba, kazi na majirani, wakafika Korinto, katika nchi ya Wagiriki. Huo ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekeo na Kenkrea. Watu wa kila kabila walipita humo, na sifa ya mwenendo wake haikuwa njema.

Mgeni katika mji wa namna hiyo huwa na njia mbili. Aweza kusema: « Hapa hakuna anijuaye, nitaishi nipendavyo. » Ama aweza kusema: « Hapa hakuna anijuaye, lakini Mungu ananijua. » Akila na Prisila walishika njia ya pili.

2. Walijifunza wakifanya kazi

Mtume Paulo alipofika Korinto, walimpokea nyumbani mwao, kwa kuwa naye alikuwa fundi wa hema. Paulo alikaa katika mji huo mwaka 1 na miezi 6. Siku za kazi walishona pamoja. Siku ya Sabato Paulo alifundisha katika sinagogi.

Paulo, akiwaandikia Wakorinto, anawataja watu aliowabatiza kwa mkono wake. Akila na Prisila hawamo. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hufikiri kwamba walitoka Roma wakiwa wameamini tayari. Lakini aliyeamini angali ana haja ya kujifunza. Nyumba ile ya kazi ikawa shule yao, shule isiyo na ubao wala kengele. Humo walimwona Mtume akivumilia matukano, na kujilisha kwa mikono yake asiwalemee watu.

3. Walifundisha wengine

Paulo alipoondoka, walisafiri naye hata Efeso, naye akawaacha huko. Wakawa wageni mara nyingine tena. Ndipo alipofika Apolo, Myahudi wa Aleksandria, msemaji hodari aliyejua sana Maandiko. Alifundisha habari za Yezu kwa bidii, lakini alijua ubatizo wa Yohane tu. Wangaliweza kumwaibisha mbele ya watu, ama kunyamaza kwa kuiogopa elimu yake. Hawakufanya hivyo. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa ukamilifu. Naye, mwenye elimu, akakubali kufundishwa na washona hema. Kisha akaenda Akaya, akawasaidia sana waamini wa huko.

Angalieni vema: kama wasingalijifunza Korinto, wangalimfundisha nini Apolo?

Huko Efeso, na baadaye Roma waliporudi, wakristu walikusanyika nyumbani mwao. Paulo anashuhudia kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Eklezya inawakumbuka tarehe 8 Julai.

4. Mafundisho kwetu

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wakatekumeni wa Afrika wajitayarishe kwa miaka 4. Wewe nawe ukiona siku za kungoja ni nyingi, usinung'unike. Siku za kujitayarisha si siku zilizopotea.

Hata leo, mahali pengi katika Afrika, katekista hufundishwa pamoja na mkewe na watoto wake, mbali na kijiji chao. Sababu ni hii: watu husikia maneno ya katekista kanisani, lakini huitazama nyumba yake kila siku. Mume akifundisha upendo na mkewe akilia jikoni, nani atamsadiki?

Nawe ukienda Lubumbashi ama Kolwezi kutafuta kazi, usiiache sala kijijini. Tafuta wakristu wa huko, fungua mlango wako, fanya kazi yako kwa haki. Labda Mungu amekutangulia huko, naye anamtayarisha Apolo wako.

MAULIZO

1. Kwa nini Akila na Prisila walitoka Roma?
2. Walijifunza nini kwa Paulo, zaidi ya maneno yake?
3. Walimsahihisha Apolo kwa namna gani?
4. Je, mgeni akikaa siku tatu nyumbani mwako, atajua kwamba mnamfuata Kristu? Atajuaje?

AZIMIO: Juma hili, mume na mke wasali pamoja kila jioni, watoto wakiwapo.