Bafa tupu, logi chafu: kurekebisha draiva ya Linux

Ukifungua logi ya kerneli ya Linux kwa amri ya dmesg ukakuta herufi zisizosomeka katikati ya ujumbe, usikimbilie kulaumu diski. Mara nyingi mhusika ni draiva iliyotenga bafa, tuseme ya baiti 64, ikaikabidhi kwa printk, fanksheni ya kerneli ya kuandika logi, kabla haijaandikwa kitu.

Katika lugha ya C, kutangaza bafa ndani ya fanksheni hakuisafishi. Unapewa nafasi pamoja na mabaki ya aliyeitumia kabla yako, kama mpangaji anayekabidhiwa chumba ambacho hakijafagiliwa. kmalloc, fanksheni ya kutenga memori ya kerneli, nayo ni vivyo hivyo. Na printk ikiambiwa ichapishe kwa %s, husoma hadi ikutane na baiti ya sifuri. Isipoikuta ndani ya bafa, inavuka mpaka. Humo inaweza kuokota anwani za memori ya kerneli, na mshambuliaji akizipata, KASLR, ulinzi unaoficha mahali kerneli ilipopakiwa, hubaki jina tu.

Wengi huijaza bafa sifuri kwa memset, au hubadili kmalloc kuwa kzalloc inayotenga nafasi iliyokwisha kufutwa, wakaondoka. Logi inatakata, hitilafu iko palepale. Uliza kwanza: kwa nini bafa haikujazwa? Kwa kawaida fanksheni ya kuijaza ilishindwa, ikarudisha namba hasi, na aliyeiita hakuitazama. Kagua jibu hilo. Likiwa kosa, andika namba ya kosa kwenye logi na uiache bafa. Likiwa idadi ya baiti zilizosomwa, chapisha kwa %.*s ili printk isipite idadi hiyo. Memset ije baadaye, kama kinga ya pili.

Kuisaka hitilafu hii kwa macho ni taabu, maana leo hujitokeza, kesho ikajificha. Tumia KMSAN, zana ya kerneli ya kunasa matumizi ya memori isiyoandikwa, iliyoingia katika Linux 6.1 mwaka 2022. Jenga kerneli kwa Clang, na ripoti itakuonyesha mstari uliotumia thamani isiyoandikwa na mahali nafasi yake ilipotengwa. KMSAN ni nzito mno. Iendeshe kwenye mashine ya majaribio.

Msimamizi wa seva asiyegusa msimbo aweke kernel.dmesg_restrict=1 ili logi isisomwe na kila mtumiaji, na awashe mashine kwa init_on_alloc=1, inayofuta memori ya kmalloc inapotengwa. Ya pili haigusi bafa zilizo kwenye steki, yaani zile zilizotangazwa ndani ya fanksheni.

Unaporipoti kwa watunzaji wa draiva, taja toleo la kerneli na uambatanishe ripoti nzima ya KMSAN. Logi yenye mabaki usiibandike hadharani kabla hujaikagua.