Ubao Unaobeba Mashine

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mwenye gari anayetoka Mwanza kwenda Sengerema hasubiri tena kivuko. Lakini mvuvi wa dagaa na wasafiri wengi wa visiwani bado wanategemea mashine iliyofungwa nyuma ya mtumbwi wa mbao, mara nyingi mtumbwi ulioundwa na fundi palepale mwaloni. Hakuna kiwanda kilichoupima. Vipimo ni kazi yako na fundi wako.

Anza na ubao wa nyuma, kabla hata hujanunua mashine. Nguvu yote ya propela huingia mtumbwini kupitia ubao huo mmoja: ukiongeza moto unasukumwa, ukirudi nyuma unavutwa, na wimbi likipiga unapindwa. Uwe wa mbao ngumu, kavu, isiyo na ufa, ulioshikwa kwa mbao za pembe hadi kwenye mkuku na mbavuni. Kwa mtumbwi wa zamani, choma ubao kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, badilisha ubao, usiupige kiraka. Na usihamie kwenye mashine ya nguvu za farasi 40 kwa kuwa ubao huohuo ulivumilia ya 15. Uzito unapanda kutoka karibu kilo 40 hadi kilo 70 au zaidi, nyuma inazama, na mawimbi huingilia hapo.

Kisha urefu. Pima wima kutoka ukingo wa juu wa ubao hadi chini ya mkuku: mashine ya mguu mfupi inataka takriban sentimita 38, ya mguu mrefu 51. Kibati bapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na chini ya mkuku, au kishuke kama sentimita 2.5. Kikiwa juu mno, propela hunyonya hewa. Mashine inapiga kelele, mtumbwi hauendi, na maji ya kupoza hukosekana. Kikishuka mno, petroli inateketea bure.

Mashine ikae katikati kabisa. Skrubu mbili za mkono zisiaminiwe peke yake, kwani mtikisiko huzilegeza. Pitisha bolti za chuma kisichoshika kutu, pakaza gundi ya kuzuia maji ndani ya kila tundu, maana uozo huanzia humo, na kwa ndani weka washa pana. Mnyororo wa usalama ufungwe kwenye taruma. Ukiufunga kwenye ubao uleule, ubao ukivunjika vyote vinazama pamoja.

Ukaguzi na leseni ya chombo kidogo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Usibebe abiria kabla ya kupata leseni hiyo.

Jaribu asubuhi, upepo haujaamka, karibu na ufuko, mmevaa majaketi ya kujiokolea, kamba ya kuzimia mashine ikiwa mkononi mwa nahodha. Tazama uzi wa maji unaotoka kwenye mashine; ukikatika, zima papo hapo, huenda magugu maji au mchanga umeziba njia. Mbele ya mtumbwi ikiinama, sogeza pini ya kuinamisha mashine tundu moja mbali na ubao. Ikipanda mno, rudisha pini karibu na ubao. Baada ya nusu saa rudi mwaloni ukaze kila bolti upya, kwa sababu mbao hubonyea zikibanwa, kisha rudia baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.